Kidole cha Numerio Ofilio

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa chini ya Tuskulo, na nyinyi raia wenzetu wa kabila la Papiria mliotoka mbali, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Servio Petilio, kaka wa mama mzazi wa marehemu, naye anaomba mumvumilie pale sauti itakapokwama, kwa kuwa tangu habari hizi zilipofika hakuna mtu wa nyumba hii ambaye akili imemrudia sawasawa, na mnajionea wenyewe kwamba machela ni ndefu kama desturi inavyotaka, shuka jeupe limetandikwa kama desturi inavyotaka, ila juu ya shuka hilo kuna kidole kimoja tu.

Marehemu Numerio Ofilio alizaliwa siku tano kabla ya Kalenda za Oktoba, ile siku ya kwanza ya mwezi, mwaka wa sensa iliyofuata ile njaa ya kutu ya ngano, katika nyumba hiihii mliyoizunguka, akiwa mtoto wa pili wa Manio Ofilio na Petilia, na wa kwanza kuishi. Mama yake alishikwa na uchungu akiwa kwenye mizabibu, wanawake wa jirani wakamshusha kilimani wakimshika kwapani, na mtoto alipotoka alilazwa sakafuni mbele ya jiko, baba yake akamwinamia, akamwinua juu kuonyesha kwamba amemkubali kuwa wake, akamtazama miguu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu atalima, nyayo zake pana kama jembe." Watu walicheka, na jina la Jembe likamng'ang'ania hata alipokuwa mtu mzima.

Kuhusu elimu yake, marehemu hakukaa mbele ya mwalimu, alifundishwa na baba yake, herufi alizisoma kwenye mawe ya mipaka, hesabu alizijua kwa kugawa mbegu, na baada ya kazi za shamba alifundishwa kushika ngao, kwa sababu Manio Ofilio alikuwa askari wa miaka mingi, aliyesimama mstari wa tatu, ule wa wazee wanaopiga goti na mikuki yao wakisubiri vijana wa mbele washindwe. Manio alikuwa na maneno aliyoyarudia mezani mpaka Petilia akachoka kuyasikia, kwamba wafalme wa ng'ambo hununua majeshi na wakifilisika majeshi huondoka, lakini Rumi haina jeshi la kununua, ukitaka kuliona jeshi la Rumi ingia nyumba za wakulima utazame ukutani, utaikuta ngao imetundikwa juu ya pipa la mafuta. "Ndiyo maana wakituua tunarudi," alikuwa akisema, "wanaua askari, ila askari wana kaka." Na Petilia alikuwa akimjibu, "Kaka nao wana mama, kula chakula chako."

Alipotimiza miaka kumi na saba marehemu alipanda Rumi pamoja na vijana wa kabila lake, wakasimama kilimani mbele ya hekalu wakati majemadari wakichagua watu mmojammoja kwa zamu ili kila lejioni, kila jeshi la maelfu, ipate wanaume wa namna moja, naye akachukuliwa mapema kwa sababu ya mabega yake. Siku ya kiapo mtu mmoja aliitwa mbele, akaapa maneno yote, kwamba atamtii konsuli aliye mkuu wa jeshi, kwamba hatatoroka, kwamba hatauacha mstari isipokuwa kwa kuchukua silaha, kumpiga adui au kumwokoa raia mwenzake, na wengine wote wakapita mbele yake kila mmoja akisema tu, "Nami vilevile." Marehemu alirudi nyumbani amevimba kichwa, akamweleza mjomba wake namna alivyoyatamka maneno yale, na mjomba wake akamwambia, "Wewe umesema maneno mawili, umefungwa kwa mia." Alicheka. Mjomba wake naye alicheka.

Tangu hapo kazi ya marehemu ilikuwa mbili, kulima na vita, majira ya mvua akiwa hapa na jembe, kiangazi akiwa na lejioni, na wenzake wanasema hakuwa hodari wa mkuki kama alivyokuwa hodari wa sepeto, kwa maana jeshi letu kila jioni, hata liwe limetembea kutwa, huchimba handaki na kuinua boma kabla ya kupika, na marehemu alimaliza sehemu yake akahamia ya mwenzake, akiimba wimbo wa kukamua zabibu kwa sauti ambayo akida wake aliwahi kusema ingetosha kuwaweka Wasamnite, adui zetu wa milimani, mbali bila boma lolote.

Marehemu alifunga ndoa na Tampia, binti wa shamba la ng'ambo ya kijito, siku ya nne baada ya Ide za Aprili, mwezi ukiwa katikati, mwaka ule mto ulipochukua daraja la mbao. Kaka yake Tampia, Vibio Tampio, alikuwa rafiki wa marehemu tangu wakichunga mbuzi, wakaapishwa siku moja na kulala hema moja, na siku ya kumkabidhi dada yake alimwambia mbele ya wageni, "Shemeji, usije kusema hukuambiwa, huyu anakoroma." Marehemu akajibu, "Hata dume langu la kulimia linakoroma, na hatujawahi kugombana." Tampia aliyasikia hayo nyuma ya mlango, na kesho yake wote wawili walikula uji wa ngano uliojaa chumvi, wakaumaliza kimya. Mungu wa nyumba aliwajalia watoto wawili. Wa kwanza ni Ofilia, huyu hapa aliyeshika vazi la bibi yake, na wa pili ni wa kiume, aliyezaliwa siku ya Kalenda za Juni mwaka huu, wakati marehemu ameshaondoka na lejioni, kwa hiyo aliyemwinua sakafuni ni mjomba huyu anayesoma, kwa kuwa babu yake naye alikuwa ameshafariki, na akapewa jina la babu huyo, Manio. Familia ilituma habari kwa mwenye nyumbu aliyepeleka nafaka kambini, nayo ilimfikia, Vibio anasema marehemu aliisikia akiwa ndani ya handaki, akatoka na udongo mpaka kwenye nyusi, akapita hema kwa hema akiwaambia watu, "Nina mwana wa kiume," na jioni ile divai yake aliwagawia wenzake.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo historia kama hii husema marehemu alianza kuugua lini, akatibiwa na nani na dawa gani. Marehemu hakuugua.

Siku ya Nones za Sekstili, siku ya tano ya mwezi unaotangulia Septemba, joto la kiangazi likiwa juu, katika bonde la Liri, mbele ya mji wa Sora, kikosi cha marehemu kilikuwa mstari wa kwanza, ukungu wa asubuhi haujainuka, Wasamnite wakashuka kutoka vilima vya pande zote mbili, na kikosi kile kikavunjika. Hatutalificha hili, wenyewe hawalifichi, walivunjika, wakarudi nyuma wakikanyagana, bendera yao ikabaki kwa adui, na wakafika kambini mmojammoja kama kondoo walioingiliwa na mbwa mwitu. Marehemu alikuwa amekwisha kurudi nyuma pamoja nao alipogeuka akaona Vibio ameanguka, mkuki umepita paja lake, akaitupa ngao yake, kwa kuwa mtu hawezi kubeba ngao na mtu kwa pamoja, akarudi kulekule wenzake walikokuwa wakitoka mbio, akamtia shemeji yake mgongoni, akamleta kambini. Mganga wa kambi alitoa ule mkuki, akaushona mguu.

Kesho yake lejioni yote ilipangwa nje ya boma, na kikosi kile kikasimamishwa katikati bila mikanda, konsuli akasema maneno machache, kwamba watu hawa walipewa sehemu ya Rumi kuishika wakaiachia, na sheria ya kambi inajulikana. Zililetwa kofia za shaba zenye kokoto, nyeupe nyingi na nyeusi chache, kila watu kumi wakipata nyeusi moja, wakaambiwa wachukue. Marehemu alitia mkono, akautoa, akaufungua, kokoto ikawa nyeusi.

Vibio alikuwa kwenye safu ileile, amechukua nyeupe, amesimama kwa mguu mmoja huku ameegemea mtu, akapaza sauti kwamba haiwezekani, huyu hakukimbia, huyu alirudi. Akida wao, ambaye ni mtu wa milima hii hii na wengi hapa mnamfahamu, akatoka kwenye nafasi yake, jambo lisiloruhusiwa, akaenda mpaka mbele ya jemadari aliyesimamia kura akamwambia, "Bwana, huyu alitupa ngao kumbeba raia, na kiapo kinamruhusu." Jemadari alikuwa kijana, wanasema midomo yake ilikuwa imekauka, akajibu taratibu, "Najua. Ila kura haitafuti mwenye kosa, akida. Ikimtafuta mwenye kosa, wengine wote watajificha nyuma yake. Hili kosa ni la kikosi, na kikosi kitalilipa." Akida akasimama pale. Jemadari akamwambia, "Rudi mahali pako, nisije nikahesabu upya."

Yaliyofuata familia iliyasikia kwa Vibio mwenyewe, na Tampia ameagiza yasomwe yalivyo, bila kupakwa asali. Jemadari hunyoosha fimbo yake akamgusa mtu aliyeangukiwa na kura, kumgusa tu, hampigi, kisha wale waliochukua kokoto nyeupe, wenzake wa kikosi kimoja na hema moja, hupewa marungu, nao ndio humpiga mpaka afe, na anayekataa kupiga husimama pembeni yake apigwe naye. Hakuna mtumwa anayeletwa kufanya kazi hiyo wala mgeni anayelipwa, hufanywa na raia kwa mikono yao, na hao hao kesho yake hurudi mstarini. Vibio alipewa rungu akalishika kama mtu aliyepewa nyoka. Marehemu alimtazama, akamwambia kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia shambani, "Shemeji, njoo wewe kwanza." Vibio akasema, "Siwezi." Marehemu akamwambia, "Utaweza. Wao wataogopa, watagonga kidogokidogo, na mimi nitachelewa. Wewe piga kweli." Halafu akainamisha kichwa, na Vibio akapiga kweli.

Naomba mnipe maji.

Waliofanyiwa hivyo hawakupewa maziko, walitupwa nje ya boma, na waliobaki wa kikosi kile waliamriwa kupiga hema zao hukohuko nje, bila handaki wala ukuta, wakapimiwa shayiri ya wanyama badala ya ngano. Alfajiri Vibio alitambaa mpaka pale alipolala marehemu, akamkata kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa maana mkono wa kuume haukuwa na kidole kizima, akakifunga katika chumvi ili nyumba yake ipate kitu cha kuzika. Jua lilipochomoza Wasamnite walishuka tena, na wale wala shayiri wakaomba wawekwe mbele, wakawekwa, wakaenda kimya, hakuna aliyegeuza shingo, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameirudisha bendera yao na kukishika kilima. Lejioni yote ilipiga ngao kuwashangilia. Konsuli aliwatolea miungu shukrani kwa ng'ombe dume, na watu wa kikosi kile wakarudishiwa ngano, lakini Vibio mpaka leo anakula shayiri, ukimpa mkate wa ngano anaushika tu.

Alifika hapa siku ya pili kabla ya Kalenda za Septemba, akichechemea kwa mkongojo, pamoja na wenzake watatu wa hema lile, wakasimama uani bila kubisha hodi. Petilia, mama wa marehemu, alikuwa akimenya maharage, akawatazama, akawahesabu kwa macho, akauliza, "Jembe yuko wapi?" Wale watatu wakatazama chini. Vibio ndiye aliyesema, hakupamba, alianza na ukungu akaishia na chumvi, na Tampia alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani akisikia kila neno. Alipomaliza, Petilia aliuliza swali moja tu, "Mlishinda?" Vibio akasema, "Tulishinda, mama." Petilia akasema, "Mngeshinda naye," akaendelea kumenya maharage, na alipoyamaliza aliyamenya maganda.

Tampia aliingia ndani, akafunga mlango. Hakulia, na hilo ndilo lililotutisha, alipika, alinyonyesha, aliteka maji, ila hakusema, na kaka yake alipokuja uani kila asubuhi na kile kifungo cha chumvi mkononi, alimpita kama anavyopita nguzo. Wakati huohuo wazee wa kijiji walikuja kumwona Petilia, wakiongozwa na Statio, jirani mwema aliyezika wana wawili waliokufa vitani, wakaketi, wakasifu maharage, kisha Statio akasema kwa upole kwamba mtu aliyekufa kwa kura hasomewi historia, huzikwa kimya kama hakuwahi kuwapo. "Dada yangu," alisema, "sisi ni wachache na adui zetu ni wengi, kinachotusimamisha ni kwamba mtu wetu anaiogopa aibu kuliko mkuki, sasa tukianza kuwalilia hadharani waliouawa na sheria, nani atasimama mstarini?" Petilia akamjibu, "Sheria yenu sijaigusa, Statio. Sikumlilia askari wenu. Namlilia Numerio, na huyo nilimpata kabla yenu." Statio leo yupo hapa, mbele kabisa, na familia imeliona hilo.

Siku iliyofuata Tampia alivaa shela, akavuka kijito, akaenda kwa kaka yake. Alimkuta ameketi kizingitini. Hakumwamkia, alisimama mbele yake akamuuliza, "Wa kwanza kupiga ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Wengine walipomfikia alikuwa hai?"

Vibio akatikisa kichwa, akasema, "Hapana. Nilihakikisha."

Tampia aliketi palepale chini, kwenye vumbi, na ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu siku ile, akalia mpaka mbwa wakaamka, na kaka yake hakuthubutu kumshika. Alipotulia alijifuta kwa pindo la shela, akasema, "Utabeba machela. Upande wa kichwa." Ndivyo ilivyokuwa leo asubuhi, mmeona wenyewe, mtu wa mkongojo akibeba machela yenye kidole, na baadhi yenu mlinong'ona, sasa mnajua.

Marehemu ameaga dunia akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, siku moja baada ya Nones za Sekstili, nje ya boma, mbele ya Sora, mikononi mwa raia wenzake, ameacha mama, mjane na watoto wawili. Familia imetafuta neno la kusema juu ya sheria iliyomwua na haikulipata, kwa maana tunaishi nyuma ya jeshi lile, ngano hii tunayokula imevunwa kwa sababu Wasamnite walirudishwa, na waliowarudisha ni wale waliompiga. Tumeliweka jambo hilo mbele yetu kila usiku kama chakula kisicholika. Baada ya Ide za Machi majina yataitwa tena kilimani Rumi, Vibio ataitwa, vijana wengi walioketi hapa wataitwa, na wataenda, hakuna hapa anayedhani hawataenda.

Familia inatoa shukrani kwa mganga wa kambi aliyeushona mguu wa Vibio Tampio, mguu ambao marehemu aliubeba mgongoni. Inawashukuru majirani kwa kuni za moto huu wa mazishi, na hasa nyumba ya Statio iliyoleta miberoshi, miti yetu ya msiba, bila kuombwa. Inamshukuru akida aliyetoka kwenye nafasi yake akamsemea, na amekuja leo ingawa anajua habari zitafika juu. Wa mwisho, kwa neno la mjane ambalo mjomba huyu aliombwa asilibadilishe, inawashukuru wenzake wa hema moja, waliokula naye, waliochimba naye, waliompiga, na waliomleta nyumbani, karibuni mkae na jamaa, pale upande wa kulia, nafasi yenu imewekwa.

Udongo ukulalie mwepesi, Numerio.